Benki Inapompa Mwingine Kazi Yake: VAT Husamehewa Wapi, na Wapi Haisamehewi

Ni nadra siku hizi kwa benki au chama cha akiba na mikopo kufanya kazi zake zote kwa mikono yake yenyewe. Mwenye duka la mtaani hupokea akiba za wateja kwa niaba ya benki. Kampuni ya ulinzi husafirisha fedha taslimu. Kampuni ya teknolojia huhifadhi kumbukumbu za akaunti, na nyingine hujibu simu za wateja wenye malalamiko. Mteja huona jina moja tu, lile lililoandikwa mlangoni, ilhali nyuma ya jina hilo kuna mikono mingi.

Kila mkono hulipwa, na kila palipo na malipo swali la kodi hujitokeza. Je, huduma ya fedha iliyosamehewa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo wengi tunaifahamu kwa ufupisho wa VAT, hubaki imesamehewa inapotolewa na mtu mwingine kwa niaba ya benki? Jibu la swali hili humgusa mteja kwa njia mbili. Kwanza, kodi inayolipwa kimyakimya katika mnyororo huo huishia ndani ya ada anazotozwa. Pili, wapo walaghai wanaotumia jina la kodi hii kudai fedha ambazo sheria haikuziagiza kamwe.

Katika makala haya tunaeleza hali ilivyo nchini Kenya, kwa lugha ambayo mteja wa kawaida anaweza kuitumia anaposoma mkataba, risiti au taarifa ya akaunti yake.

Sheria inasema nini

VAT ilianza kutozwa nchini Kenya mwaka 1990, ikichukua nafasi ya kodi ya mauzo. Leo inaongozwa na Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013, na kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16. Sheria hiyo ina majedwali, na Jedwali la Kwanza ndilo linalotaja bidhaa na huduma zilizosamehewa. Huduma za kifedha zimo katika sehemu ya pili ya jedwali hilo.

Orodha yake ni ndefu, nasi tunataja zile ambazo mteja hukutana nazo mara kwa mara. Zimesamehewa huduma za kuendesha akaunti za hundi, za amana na za akiba, pamoja na kumpatia mteja taarifa ya akaunti yake. Zimesamehewa huduma za kupokea na kutuma fedha, pamoja na kupokea malipo ya bili za nyumbani kwenye kaunta. Umesamehewa utoaji wa kadi za benki, ubadilishaji wa fedha za kigeni, ushughulikiaji wa hundi, utoaji wa mikopo na utoaji wa dhamana. Hata uuzaji wa deni, yaani benki kumhamishia mwingine haki ya kudai kwa malipo, umesamehewa.

Mwishoni mwa orodha hiyo kuna kifungu kifupi ambacho ndicho kiini cha makala haya. Kinasema kwamba kutoa huduma zilizotajwa hapo juu kwa niaba ya mtu mwingine, kwa malipo ya kamisheni, nako kumesamehewa.

Msamaha huifuata kazi, hauifuati jina

Kifungu hicho kina maana kubwa. Sheria haikusema kwamba benki ndiyo iliyosamehewa. Iliyosamehewa ni kazi fulani, iwe inafanywa na benki yenyewe au na wakala wake anayelipwa kamisheni.

Chukua mfano wa mwenye duka aliye wakala wa benki. Benki Kuu ya Kenya iliruhusu benki kutumia mawakala mwaka 2010, miaka mitatu baada ya huduma ya M-Pesa kuanza. Mteja anapoweka shilingi 5,000 dukani, benki humlipa wakala kamisheni. Kazi aliyoifanya wakala ni kupokea fedha kwa niaba ya benki, nayo ni kazi iliyomo katika orodha. Kwa hiyo kamisheni ile haitozwi VAT. Lakini wakala huyohuyo akiuza simu au sufuria katika duka lilelile, mauzo hayo hayapati msamaha kwa sababu tu muuzaji ni wakala wa benki. Ikiwa amesajiliwa kulipa VAT, ataitoza kwenye bidhaa zinazostahili kutozwa.

Vivyo hivyo kwa upande wa pili: huduma haisamehewi kwa sababu tu imenunuliwa na benki. Anayesafisha sakafu za benki, anayeandaa matangazo yake, anayelinda mlango wake na anayemshauri meneja wake hawatoi huduma ya fedha. Wanatoa huduma ya kawaida kwa mteja ambaye kwa bahati ni benki, nao wakiwa wamesajiliwa wanapaswa kutoza asilimia 16.

Mashine moja, hukumu mbili

Hakuna mahali ambapo tofauti hii inaonekana wazi kuliko kwenye mashine ya kutolea pesa. Mteja anayeingiza kadi na kutoa shilingi 2,000 anafanya muamala uliosamehewa. Sheria imeutaja waziwazi. Lakini sentensi hiyohiyo ya sheria inaondoa katika msamaha uuzaji wa mashine yenyewe na programu inayoiendesha. Kifungu kingine kinaondoa usafirishaji wa fedha taslimu, ujazaji wa fedha kwenye mashine, na upangaji au uhesabuji wa fedha.

Kwa hiyo noti moja inayotoka kwenye mashine imepita katika hali mbili za kodi. Ilipohesabiwa na kampuni ya nje, ikapakiwa kwenye gari na kuingizwa ndani ya mashine, VAT ilitozwa kwa kila hatua. Ilipotoka mashinembele ya mteja, haikutozwa. Mteja haoni neno VAT kwenye karatasi inayotoka mashineni, na kweli halipaswi kuwapo. Hata hivyo, si kweli kwamba hakuna VAT iliyolipwa.

Kusamehewa si sawa na kutolipa kodi

Wengi hudhani kwamba huduma iliyosamehewa haina kodi ndani yake. Dhana hiyo inahitaji kusahihishwa, na njia rahisi ni kulinganisha mfanyabiashara wa kawaida na benki.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ananunua bidhaa za shilingi 100,000 na kulipa VAT ya shilingi 16,000. Anaziuza kwa shilingi 150,000 na kumtoza mnunuzi VAT ya shilingi 24,000. Anapowasilisha hesabu kwa Mamlaka ya Ushuru, anaondoa zile 16,000 alizokwisha kulipa na kupeleka 8,000 zilizobaki. Kodi aliyolipa wakati wa kununua haikumgharimu, amerudishiwa.

Benki haina njia hiyo. Kampuni ya kusafirisha fedha inaidai shilingi 100,000 kwa mwezi na kuongeza VAT ya shilingi 16,000. Benki inalipa 116,000. Kwa kuwa huduma inayompa mteja wake imesamehewa, benki haimtozi mteja VAT, na kwa hiyo haina kodi ya mauzo ambayo ingetoa humo zile 16,000. Sheria inaruhusu kudai kodi ya manunuzi pale tu manunuzi yalipotumika kutoa huduma au bidhaa zinazotozwa kodi. Zile 16,000 zinakuwa gharama kama gharama nyingine yoyote. Kwa mwaka mzima zinafika shilingi 192,000 kwa mkataba huo mmoja.

Ni nani anayezilipa mwishowe? Huenda benki ikazipunguza katika faida yake. Lakini mara nyingi gharama huingia katika hesabu ya ada, riba na gawio. Hii ndiyo sababu wataalamu wa kodi husema kwamba msamaha huficha kodi badala ya kuiondoa. Ni tofauti na huduma zinazotozwa kwa kiwango cha sifuri. Huko muuzaji hamtozi mnunuzi chochote, na bado anarudishiwa kodi aliyolipa.

Kununua huduma kutoka nje ya nchi nako hakuiokoi benki. Ikiagiza huduma ya kompyuta kutoka kwa kampuni ya kigeni, na huduma hiyo ingetozwa kodi kama ingetolewa nchini, sheria huitaka benki yenyewe iihesabu kodi hiyo na kuilipa kwa Mamlaka ya Ushuru.

Kwa nini mwanachama wa Sacco ndogo aelewe jambo hili

Kodi hii iliyofichika haigawanyiki sawa. Benki kubwa inaweza kuajiri wahasibu wake, wataalamu wake wa kompyuta na wapokeaji simu wake. Mishahara ya waajiriwa haitozwi VAT. Kazi ileile ikifanywa na mwajiriwa wa ndani haina kodi hiyo. Ikifanywa na kampuni ya nje, ina asilimia 16 juu yake.

Sacco ndogo ya walimu au ya wakulima wa chai haina uwezo wa kuajiri kikosi kama hicho. Haiwezi kuandika programu yake yenyewe wala kununua gari la kubebea fedha. Inalazimika kukodi huduma kutoka nje, na kwa kila huduma isiyo ya kifedha inalipa VAT isiyorudi. Chombo chenye wanachama wa kipato cha chini ndicho ambacho sehemu kubwa zaidi ya kazi zake huenda nje, na ndicho kinachobeba mzigo huu kwa uzito zaidi.

Mwanachama anayehudhuria mkutano mkuu wa mwaka anaweza kuuliza maswali ya maana akilijua hili. Je, mikataba yetu ya huduma za nje imetenganisha kazi za kifedha na kazi za kiufundi? Je, bei iliyotajwa ina VAT ndani yake au bado? Je, kuna kazi tunayoweza kuifanya wenyewe kwa gharama ndogo kuliko bei ya nje pamoja na kodi? Hayo si maswali ya wahasibu peke yao. Ni maswali ya wenye mali.

Mahali penye utata

Kati ya wakala anayepokea amana na kampuni inayosafisha sakafu kuna eneo pana la mikataba isiyo wazi. Kampuni inayosimamia mawakala, kuwafundisha na kuwagawia mtaji wa kuzungusha, je, inatoa huduma ya fedha au huduma ya usimamizi? Anayewapigia simu wadaiwa kwa niaba ya benki, akipokea malipo na kuyapeleka, je, anapokea fedha au anafuatilia deni? Kuuza deni kumesamehewa, lakini kulifuatilia kwa niaba ya mwenyewe hakukutajwa kwa jina katika orodha. Katika mikataba ya namna hii, jina la huduma halitoshi. Hutazamwa kazi yenyewe inayofanyika na namna inavyolipwa.

Mataifa mengine yamepambana na swali hilohilo. Mwaka 1997 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kesi ya kituo cha kompyuta cha Denmark kilichohudumia benki za akiba, kijulikanacho kwa herufi SDC. Ilisema kwamba kinachoamua ni aina ya huduma, wala si hadhi ya anayeitoa. Lakini pia kwamba huduma ya kiufundi tu haitoshi. Sharti huduma yenyewe ibadilishe hali ya kisheria na ya kifedha ya wahusika, kama vile fedha kuhama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Mnamo Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikataa kuisamehe kampuni iliyosimamia akaunti za mikopo kwa niaba ya benki, kwa hoja ya mkondo huohuo. Maamuzi hayo hayaifungi Kenya, ambayo ina maneno yake katika sheria yake. Hata hivyo yanaonyesha mahali mpaka unapochorwa: anayehamisha fedha yuko upande mmoja, na anayeandaa, kuhifadhi na kuhesabu yuko upande mwingine.

Wala mpaka huo haukuchorwa milele. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipendekeza kuondoa msamaha kwa baadhi ya huduma za kifedha, zikiwemo utoaji wa kadi na ubadilishaji wa fedha za kigeni. Pendekezo hilo halikuwa sheria. Mswada wenyewe uliachwa mwezi Juni mwaka huo baada ya maandamano makubwa. Msomaji akumbuke basi kwamba orodha ya msamaha ni kazi ya Bunge, na kila Sheria ya Fedha inaweza kuigusa. Hakikisha unasoma toleo lililo hai la sheria.

Kodi unayoiona kwenye taarifa ya akaunti

Wateja hutuuliza: ikiwa huduma za benki zimesamehewa, mbona taarifa yangu ya akaunti inaonyesha kodi? Kodi hiyo ni ushuru wa bidhaa, ambao huongozwa na sheria tofauti na hutozwa kwa ada zinazotozwa na taasisi za fedha. Kwa ada za kutuma fedha, iwe kwa simu au kupitia benki, Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kiwango cha asilimia 15. Ushuru huo huhesabiwa juu ya ada, si juu ya fedha zinazotumwa, wala hautozwi juu ya riba ya mkopo.

Tofauti hii ina faida kwa mteja. Ukiona ushuru wa bidhaa kwenye ada, huo una msingi katika sheria. Ukiona VAT kwenye ada ya kuendesha akaunti, ya kutoa fedha au ya kupewa mkopo, una haki ya kuuliza.

Yapo pia malipo yanayoambatana na mkopo ambayo VAT yake ni halali. Anayechukua mkopo wa nyumba atakutana na ada ya mwanasheria anayeandaa hati na ada ya mthamini anayekagua nyumba. Hao hawatoi mkopo. Wanatoa utaalamu wao. Kama wamesajiliwa, watatoza asilimia 16 hata kama benki ndiyo iliyowachagua. Kabla ya kutia saini, omba orodha ya malipo yote, kila moja likionyesha anayelipwa ni nani na kodi yake ni ipi.

Unapodaiwa VAT kwa huduma ya fedha

Ulaghai mmoja unastahili onyo la pekee. Mtu hujitambulisha kuwa wakala wa taasisi ya mikopo na kumwambia mwombaji kwamba mkopo wake wa shilingi 50,000 umekubaliwa. Kilichobaki, anasema, ni kulipa kwanza VAT ya asilimia 16, yaani shilingi 8,000, kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Mwombaji akilipa, mkopo hauji, na namba ile haipatikani tena.

Mteja anayeijua sheria hataingia katika mtego huo. Utoaji wa mkopo umesamehewa VAT, uwe umetolewa na benki au na wakala wake wa kamisheni. Hakuna VAT ya asilimia 16 inayohesabiwa juu ya fedha unazokopeshwa. Dai la namna hiyo lenyewe ndilo ushahidi wa ulaghai.

Unapokutana na dai lolote la VAT linalokutia shaka, tunakushauri ufuate hatua zifuatazo:

1. Uliza ni huduma gani hasa inayotozwa, na ni nani anayeitoa. Dai jibu kwa maandishi.

2. Omba ankara ya kodi. Anayetoza VAT sharti awe amesajiliwa, na ankara yake ionyeshe jina lake, namba yake ya mlipakodi, na kiasi cha kodi kikiwa kimetengwa na bei.

3. Hakiki namba hiyo katika mfumo wa iTax wa Mamlaka ya Ushuru. Mfumo huo una sehemu ya kukagua namba ya mlipakodi na kuona kodi ambazo mhusika amesajiliwa kuzilipa. Asiyesajiliwa kwa VAT hana ruhusa ya kuitoza.

4. Kwa wakala, linganisha ada uliyotozwa na ile iliyotangazwa na benki au kampuni ya simu. Wakala hulipwa kamisheni na aliyemtuma. Hana mamlaka ya kukuongezea kodi ya kwake.

5. Kwa mkopeshaji wa mtandaoni, hakikisha yumo katika orodha ya wakopeshaji wenye leseni inayotolewa na Benki Kuu ya Kenya.

6. Andikia kwanza taasisi iliyokutoza, ukiambatisha risiti. Usiporidhika, peleka malalamiko kwa msimamizi wake: Benki Kuu kwa benki, na SASRA kwa Sacco zinazopokea amana. Suala la kodi yenyewe lipeleke kwa Mamlaka ya Ushuru, na ulaghai uripoti kwa polisi bila kuchelewa.

Neno la mwisho

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Kodi ni sehemu ya bei, na bei ni sehemu ya taarifa hizo. Hatumtaki kila mteja awe mwanasheria wa kodi. Tunachotaka akumbuke ni swali moja la kuuliza kila anapoona mkono mwingine nyuma ya benki yake: mkono huu unashika fedha zangu kwa niaba ya benki, au unaisaidia benki katika kazi nyingine? Ukishika fedha kwa kamisheni, VAT haipo. Ukisaidia kazi nyingine, VAT ipo, na hata isipoandikwa kwenye risiti yako, huenda uko miongoni mwa wanaoilipa.

Maelezo haya ni ya jumla. Kwa jambo mahususi linalohusu mkataba wako, tafuta ushauri wa mtaalamu wa kodi aliyeidhinishwa, au fika katika ofisi ya Mamlaka ya Ushuru iliyo karibu nawe.